Ngozi Laini, ya Punjepunje au ya Mamba: Kiatu Kipi Kitaliweza Vumbi la Shinyanga?

Anayenunua kiatu cha ngozi Shinyanga mjini, Kahama au Geita hukutana na maelezo mengi kuliko viatu. Muuzaji wa kwanza anamwambia, "Mzee wangu, hii ni leza tupu, ishike mwenyewe." Meza ya pili, kiatu chenye magamba kinaitwa cha ngozi ya mamba, na bei inapanda hapo hapo. Mwenye meza ya tatu, aliyepanga moka laini zinazong'aa, anawaponda wenzake wote: ngozi yoyote yenye nakshi, anasema, ni plastiki. Fundi wa Ibadakuli anayetaka kuagiza ngozi kiwandani naye anakuta vurugu ileile kwenye orodha ya bei: laini, punjepunje, vistari, mamba, mbuni, kila moja na bei yake, bila neno la kueleza tofauti inatokana na nini.

Wauzaji wote watatu wana chembe ya ukweli na wote wanapotosha. Nakshi haiifanyi ngozi kuwa bandia, wala haiifanyi kuwa bora. Inatokana na uamuzi uliofanywa kiwandani baada ya kuona ngozi imefika katika hali gani, na uamuzi huo mnunuzi haelezwi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mtu anayechagua kwa kutazama mchoro ameanzia mwisho. Cha kwanza kutazamwa ni unene wa rangi, cha pili ni pale kiatu kinapojikunja, na mchoro ungojee zamu yake.

Nakshi inavyopatikana

Ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa ina tabaka mbili zinazomhusu mshona viatu. Juu kuna uso wenye vinyweleo, ambapo nyuzinyuzi zimebanana sana. Chini yake nyuzi ni nene zaidi na zimesokotana kwa ulegevu. Ngozi ikiwa nene, kiwanda huipasua kwa mashine na kupata vipande viwili. Kile cha juu kikiwa safi huachwa na uso wake, hupakwa rangi nyepesi inayopenya, na vinyweleo huendelea kuonekana. Kikiwa na makovu, uso hupigwa msasa, hujazwa, hupakwa rangi iliyochanganywa na plastiki ya maji, kisha hulazwa chini ya bamba la chuma lililochongwa na kugandamizwa kwa nguvu kubwa na joto, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 100. Bamba likiinuliwa, ngozi imepata uso mpya. Kipande cha chini, ambacho hakina kinyweleo hata kimoja, kinaweza kuvikwa tabaka nene la plastiki na kupigwa nakshi hiyohiyo, na kwa jicho la haraka kikafanana kabisa na cha juu.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1786 meli Metta Catharina, iliyopakia ngozi kutoka Saint Petersburg, ilizama karibu na Plymouth, Uingereza. Wapiga mbizi waliipata mwaka 1973, na mafurushi ya ngozi yaliyokuwa ndani bado yalikuwa na nakshi ya vistari vinavyokatana, ngozi yenyewe ikiwa imara kiasi cha kushonewa viatu na mikoba. Ngozi ile ilisindikwa kwa magome ya miti, na jambo hilo lina uzito kwa fundi wa leo. Ngozi ya magome ni nzito, na ikigandamizwa hubaki ilivyogandamizwa. Ngozi ya chumvi za kromu, ambayo ndiyo iliyotawala viatu vya siku hizi, inanyumbuka na hujirudi kidogokidogo, hasa ikipata maji. Viwanda hupunguza udhaifu huo kwa kuipitisha ngozi ya kromu kwenye dawa ya magome. Dawa yenyewe inapatikana nchini: kampuni ya TANWAT ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 ili kuitoa kwenye miwati.

Makovu ya ng'ombe wa Usukumani

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wa kanda hii hupita kila wiki katika minada kama ya Tinde na Mhunze. Kwa wingi huo mtu angetegemea ngozi safi ziwe za kuchagua. Haziko hivyo, na sababu zinaanza ng'ombe akiwa hai.

Ya kwanza ni chapa ya moto. Mfugaji anaipiga pajani au ubavuni ili mnyama wake ajulikane akiibwa au akichanganyika, na kwa usalama wa mali hana kosa. Kwa ngozi ni hasara, kwa kuwa ubavu na mgongo ndiko kunakotoka vipande bora vya kiatu. Kampeni ya kitaifa ya kupiga chapa ya mwaka 2017 ilikuwa ya utambuzi na haikulenga ngozi. Hereni za kielektroniki zilizoanza kusukumwa mwaka 2021 zingeinusuru ngozi, lakini zilipata upinzani wa wafugaji waliolalamikia gharama. Kuna pia kupe, ambaye kila anapong'ata huacha tundu linaloonekana hata baada ya usindikaji, kuna ugonjwa wa mapele ngozi, na kuna nira ya plau inayochubua shingo.

Halafu kuna miiba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa, katika ardhi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa, na migunga ikarudi pamoja na malisho. Hakuna mwenye akili atakayelaumu ngitili kwa sababu ya mikwaruzo ya ngozi. Inafaa tu kukumbuka kwamba mti ule ule una upande wa pili: maganda ya mbegu za mgunga wa aina moja hutumika Sudan kusindika ngozi tangu zamani, yakiitwa garadi.

Machinjioni huongezeka vidonda vya kisu, na baada ya hapo ngozi inayoanikwa chini juani badala ya kuwambwa kivulini huungua upande mmoja na kuoza upande mwingine. Nyuma ya yote haya kuna sababu moja kubwa ya kiuchumi. Mfugaji anauza ng'ombe mzima mnadani, na bei hutokana na nyama. Hakuna anayemwongezea shilingi kwa ubavu usio na chapa. Anayeipata ngozi ni mchinjaji, naye bei ya ngozi ghafi imemkatisha tamaa kiasi kwamba katika miaka ya karibuni yapo machinjio nchini yaliyozifukia au kuzitupa. Ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi nje, uliowahi kufika asilimia 90 kabla ya kushushwa hadi 80, ulikusudiwa kuvilisha viwanda vya ndani. Viwanda vyenyewe havikuwa na uwezo wa kunyonya ngozi zote, bei ikaanguka, na aliyekuwa na uwezo wa kuilinda ngozi akawa ndiye asiyelipwa kwa kuilinda.

Tuongeze umbo la mnyama. Ng'ombe wa asili wa kanda hii ni mdogo, ngozi yake si pana, na eneo la nundu halina unene ulio sawa. Kiwanda kinachopokea ngozi ya namna hiyo, yenye chapa ubavuni na matundu ya kupe tumboni, kina njia mbili: kukata vipande vidogo safi na kutupa vingine, au kushusha bamba.

Hoja ya wanaotaka laini

Wapenzi wa ngozi laini yenye uso wake wa asili wana hoja nzito. Ngozi ya namna hiyo inapitisha hewa, jambo lisilo dogo kwa mtu anayeshinda ndani ya kiatu katika jua la Oktoba. Inapokea kiwi ikaingia ndani badala ya kubaki juu. Ikikwaruzwa inasuguliwa na alama hufifia. Inapojikunja hufanya makunyanzi madogo yasiyopasuka, kwa kuwa hakuna tabaka gumu juu yake la kupasuka. Kiatu chake huzeeka kwa heshima, na fundi anaweza kukibadilisha soli mara kadhaa bila sehemu ya juu kuchakaa.

Udhaifu wake ni bei na mazingira. Ngozi safi ni chache, na wingi wa mabaki wakati wa kukata humwangukia mnunuzi. Uso wake pia hauna pa kuficha kitu. Vumbi la barabara za Shinyanga lina mchanga unaokwangua, na udongo mweusi wa mbuga ukikauka juu ya kiatu na kubanduliwa kwa ukucha huacha alama. Anayependa laini lazima apende na brashi.

Hapa ndipo muuzaji wa meza ya tatu anapopotosha kuliko wenzake. Ulaini si ushahidi wa usafi wa ngozi. Bamba la kugandamiza linaweza kuwa halina mchoro wowote, na kazi yake ikawa kuunyoosha uso uliopigwa msasa na kupakwa rangi hadi ung'ae kama kioo. Viatu vingi vyeusi vya shule na vya sare viko hivyo. Havina ubaya kwa kazi yake, kwani vinafutwa kwa kitambaa na mwanafunzi anaendelea na safari, ila kuviita "asilia" kwa sababu tu havina nakshi ni kumdanganya mzazi.

Punjepunje na vistari

Nakshi ya punjepunje, ile inayofanana na ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi, ndiyo iliyozoeleka zaidi duniani, na sababu ya kuenea kwake ni ya kikatili kidogo: inaficha karibu kila kitu. Tundu la kupe linapotea kati ya punje. Mkunjo wa kiatu hauonekani sana. Haina upande wa juu wala wa chini, kwa hiyo mkataji anageuza kalibu yake atakavyo na mabaki yanakuwa machache. Ndiyo maana imetawala katika buti za usalama za migodini. Kwenye machimbo makubwa kama Geita, yaliyoanza kuzalisha mwaka 2000, na Bulyanhulu, yaliyofuata mwaka 2001, kiatu kinahukumiwa kwa kinga ya vidole, soli isiyoteleza na ngozi nene, mara nyingi ya karibu milimita 2. Mtu anayekanyaga mawe kutwa hana haja ya ngozi inayoonyesha kila mkwaruzo.

Gharama yake inaonekana baada ya miezi. Vumbi hukaa kwenye mabonde kati ya punje. Mng'arishaji akipaka kiwi ya mgando kwa kitambaa, inajaza mabonde hayo, inakauka na kufanya ukoko mweupe. Ngozi hii inataka brashi na dawa ya majimaji au ya krimu, tena kidogo. Tatizo la pili ni la fundi: anapoivuta ngozi juu ya kalibu ya mguu na kuipasha moto, punje za puani hunyooka, na kiatu kinatoka na pua laini na mbavu zenye punje. Kina cha nakshi kikiwa kifupi, tofauti hiyo inavumilika. Kikiwa kirefu, mteja atadhani kiatu kimeunganishwa kutoka ngozi mbili.

Nakshi ya vistari vyembamba vinavyokatana, inayojulikana sana kwa jina la Saffiano tangu kampuni ya Prada ya Italia ilipoipa umaarufu, inasimama peke yake. Mabonde yake ni mafupi na tabaka la juu ni gumu, kwa hiyo inafutika kirahisi kuliko zote; kwa vumbi letu ingeonekana kuwa jibu. Ugumu huohuo ndio unaoiangusha. Imefaa mikoba, pochi na mikanda, vitu visivyojikunja mara elfu kwa siku pahali pamoja. Juu ya vidole vya mguu huvunjika mapema.

Mamba asiye mamba

Nakshi kubwa za wanyama, yaani mamba, chatu na mbuni, ndizo zinazoleta mzozo mwingi na faida nyingi. Wanaozipenda wana haki yao. Kiatu cha harusini au cha jukwaani hakihukumiwi kwa kigezo cha buti ya mgodini. Kuna pia sababu ya kisheria ambayo wauzaji wangeitangaza kama wangeijua: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa, na ngozi ya mamba au chatu ni nyara. Ng'ombe aliyevikwa magamba ni kiatu halali. Anayesisitiza kwamba anauza mamba halisi mezani bila karatasi, ama anadanganya ama anajishtaki mwenyewe.

Kumtambua mamba wa bamba si kazi ngumu. Bamba lina mchoro mmoja, hivyo umbo lilelile la gamba litajirudia, pengine kwenye kiatu cha kushoto na cha kulia. Mamba wa mito na maziwa yetu ana kitundu kidogo kama cha ncha ya sindano kwenye magamba yake, na michoro mingi ya bamba haina. Mbuni naye ana vinundu vilivyotokana na mashina ya manyoya, visivyofanana kimoja na kingine.

Kwa ufundi, nakshi hizi ndizo zinazodai zaidi na kutoa kidogo zaidi. Mabonde yake ni ya kina, kwa hiyo msasa na kijazio huwa vingi na uso wa asili hubaki mdogo. Mchoro una mwelekeo, magamba makubwa katikati na madogo pembeni, na vipande vya kushoto na kulia lazima vilingane; kwenye ngozi ndogo ya ng'ombe wetu mabaki yanakuwa mengi. Mbaya kuliko yote, mkunjo wa vidole haufuati mstari wa magamba. Unakata katikati ya gamba, na pale rangi hupasuka.

Kisichofichwa na bamba

Bamba linashughulikia uso tu. Kidonda cha kisu cha mchunaji kiko upande wa nyama, na kimepunguza unene wa ngozi pale kilipo. Nakshi haikizibi, na kugandamizwa kunaweza hata kukikamilisha kiwe tundu. Kwa hiyo wanaosema nakshi imeondoa haja ya uchunaji mzuri wamekosea. Imeondoa, au angalau imepunguza, hasara ya chapa, kupe na miiba. Machinjio yasiyo na visu vya kuchunia vyenye ncha ya mviringo yataendelea kutoa ngozi dhaifu hata zikipambwa vipi.

Unene wa rangi nao una kipimo. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1994 kuhusu lebo za viatu, uliweka mpaka: tabaka la juu likizidi milimita 0.15, kiatu hakiruhusiwi kuitwa cha ngozi tu. Lazima kiitwe cha ngozi iliyopakwa, na tabaka hilo lisizidi theluthi moja ya unene wote. Jambo hili linamgusa mnunuzi wa Shinyanga moja kwa moja, kwa sababu viatu vingi vya mtumba kutoka Ulaya bado vina alama zake. Umbo la ngozi iliyowambwa ni ngozi. Umbo hilo likiwa na almasi ndogo ndani yake ni ngozi iliyopakwa. Almasi peke yake ni kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni plastiki. Pasipo lebo, tazama ukingo uliokatwa, ndani ya ulimi au kwenye tundu la kamba: nyuzinyuzi zilizosokotana ni ngozi, kitambaa kilichofumwa chini ya utando si ngozi. Kisha kunja kiatu pale vidole vinapokunjikia. Mstari mweupe ukitokea na kubaki, rangi ni nene mno, iwe ya mamba, ya punje au laini.

Kwenye mizani

Yapo malalamiko kwamba nakshi inaua ubora kwa sababu kiwanda kinachoweza kuficha kila kovu hakina haja ya kumlipa mfugaji kwa ngozi safi. Yana ukweli ndani yake, ila yamegeuza mpangilio wa matukio. Mfugaji hakuwa akilipwa hata kabla ya bamba, na bila bamba ngozi yenye chapa isingepata thamani, ingefukiwa. Kinachokosekana ni bei ya madaraja inayoshuka hadi machinjioni na mnadani. Hadi hapo itakapokuwapo, kuikataa nakshi kwa jina la usafi ni kuwaachia soko la viatu waagizaji wa plastiki.

Upande wa pili, kuamini kwamba mashine pekee itaikomboa ngozi yetu kumeshajaribiwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitengeneze mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza hata Ulaya, hakikuwahi kukaribia uwezo wake. Mashine zilikuwapo, ngozi ya kutosha, vipuri na wanunuzi havikuwapo.

Kwa mnunuzi, basi, uzito unagawanyika kwa matumizi. Mwanafunzi na mlinzi wa sare inawafaa laini iliyopakwa, rangi ikiwa nyembamba. Mchimbaji na dereva wa bodaboda inawafaa punjepunje juu ya ngozi nene. Mtumishi wa ofisini anayetaka kiatu cha miaka mingi atafute laini ya asili hata akilipa zaidi. Magamba yabaki ya sherehe. Vistari viende kwenye mkanda.

Kwa fundi wa Ibadakuli hesabu ni ya kuvutia zaidi, kwa kuwa si lazima achague moja. Kiatu hakijikunji kila mahali. Mbele, juu ya vidole, hujikunja kila hatua. Mbavu za nyuma, kisigino na ulimi karibu havijikunji. Ngozi ndogo yenye chapa ubavuni bado ina vipande safi, vidogo kwa mkoba ila vinavyotosha pua ya kiatu. Vipande hivyo vikiachwa laini na kuwekwa mbele, na vyenye makovu vikapigwa punjepunje fupi na kuwekwa nyuma, kiatu kimoja kinatumia sehemu kubwa ya ngozi bila kudanganya popote. Sharti lake ni kwamba ngozi ichambuliwe na kukatwa kabla ya kushushiwa bamba, wakati viwanda vimezoea kugandamiza ngozi nzima kwa mkupuo. Mwanza, kilomita kama 160 kutoka Shinyanga, kuna kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inayofundisha teknolojia ya ngozi, na huko ndiko mafundi wachache wakijiunga wanaweza kwenda kuomba vipande vyao vilivyokwisha kukatwa vigandamizwe, badala ya kila mmoja kununua futi za mraba za mamba bila kujua atazimalizia wapi.